Baa ya jirani na chuo nayo imo ndani ya parokia



Tangu Kwaresima kuna karatasi inayozunguka katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo za mtaa wetu. Inakusanya saini za waamini ili serikali ya mtaa iombwe kuifunga baa iliyo ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka lango la chuo. Imetaja sababu tatu: muziki unaopigwa hadi usiku wa manane, wanafunzi wanaomalizia fedha zao pale, na wasichana wanaohudumu humo, ambao karatasi inawaita "chambo cha shetani". Wapo waliokwisha kusaini. Wapo pia waliotuuliza sisi mafrateri tunasemaje, maana tunapita pale kila siku tukienda vipindi, na baadhi ya wanaokaa kwenye viti vile jioni ni wenzetu wa darasa moja.

Tunajibu bila kuzunguka. Malalamiko mawili ya kwanza ni ya haki, na yanastahili kushughulikiwa mapema. Neno lile la tatu hatuwezi kuweka saini chini yake. Na ombi lenyewe la kufunga, kwa maoni yetu, halitawapa waamini kile wanachokitafuta. Tunaomba tueleze kwa nini.

Pale baa pana nini

Anayepafahamu Msewe na Changanyikeni, jirani na Mlimani, Dar es Salaam, au Malimbe kule Nyegezi, Mwanza, hahitaji maelezo mengi. Palipo na chuo pana vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, pana wakala wa fedha za simu, pana mama ntilie, pana bodaboda, na hapakosi baa. Viti vya plastiki, runinga kubwa ukutani, jiko la nyama choma upande mmoja na la chipsi upande wa pili. Asubuhi kuna supu. Mchana pametulia. Ikifika jioni, hasa siku ya Simba na Yanga au ya Ligi Kuu ya Uingereza, kiti hakipatikani.

Tukiangalia kwa utulivu ni akina nani wanaokaa pale, tutaona mchanganyiko. Yupo aliyekuja kutazama mpira, na soda yake moja ataikalia dakika tisini. Yupo aliyefuata chipsi mayai. Yupo aliyekimbia chumba chake cha kupanga kwa sababu wanalala watatu na umeme umekatika. Yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kigoma au Mbinga, hajui mtu, na mhudumu wa pale ndiye wa kwanza katika mji mzima kumwita kwa jina lake. Na yupo, ndiyo, anayekunywa mpaka kubebwa.

Kwa hiyo mtu akisema vijana wanafuata pombe, amesema sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba wanafuata mahali penye taa, penye watu, pasipo na mtu wa kuwauliza umefuata nini. Baa ikifungwa, haja hiyo haifungwi pamoja nayo. Itahamia kwenye baa ya mtaa wa pili, au mbaya zaidi itahamia vyumbani, ambako chupa inanunuliwa dukani, mlango unafungwa, na hakuna jirani wala mhudumu wa kusema "kaka, leo inatosha, nenda ukalale".

Fedha za siku sitini

Malalamiko ya fedha yana uzito mkubwa kuliko yanavyoandikwa. Wanafunzi wanaopata mkopo wa serikali hupewa posho ya chakula na malazi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ikawa shilingi 10,000. Posho hiyo hailipwi kila siku. Huja kwa mkupuo wa siku sitini hivi. Yaani shilingi 600,000 zinaingia kwa wakati mmoja mkononi mwa kijana ambaye huenda hajawahi kushika laki moja iliyo yake mwenyewe. Wanafunzi wanaliita bumu, na siku likiingia mtaa mzima unajua. Wiki ya kwanza meza zimejaa na ofa zinazunguka. Wiki ya sita wale wale wanakula mlo mmoja kwa siku, na majina yao yamo katika daftari la madeni kaunta.

Mzazi aliyeuza ng'ombe au magunia ya mahindi ili mtoto afike chuo, kisha mtoto akarudi nyumbani kwa kudisko, ana haki ya kusaini karatasi yoyote atakayoletewa. Hatutamjibu mzazi huyo kwamba hata Bwana wetu alikunywa divai. Kilio chake ni cha kweli. Tunachomwuliza ni hiki tu: ni nani aliyemfundisha kijana wake kugawa shilingi 600,000 kwa siku sitini? Shule haikumfundisha, chuo hakikumfundisha, na kanisani mafundisho ya Kipaimara hayakugusa jambo hilo. Mtu wa kwanza kuzungumza naye kuhusu fedha zake alikuwa rafiki aliyesema "leo zamu yako".

Kanisa linafundisha nini

Wapo waamini wanaodhani kwamba Kanisa Katoliki linalegeza kamba katika suala la pombe ukilinganisha na madhehebu mengine. Halilegezi, linaweka kamba mahali pake. Huko Kana, kwa simulizi ya Injili ya Yohane, mabalasi yalikuwa sita, na ukipiga hesabu ya vipimo vya wakati ule, divai ile haikupungua lita 450. Bwana hakuona haya kuwapa watu wa arusini furaha. Mtume Paulo alimshauri Timotheo divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwapangia wamonaki kipimo cha divai kwa siku, huku akieleza wazi kwamba wanaojaliwa kujinyima watapata thawabu yao.

Lakini Kanisa hilo hilo, katika Katekisimu namba 2290, linasema kwamba fadhila ya kiasi inatuelekeza kuepuka kila namna ya kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na dawa, na kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia nzito. Wanaobebwa na bodaboda saa 7 usiku, dereva naye akiwa amekunywa, wamo katika namba hiyo. Kwa hiyo dhambi haianzii kwenye glasi. Inaanzia pale mtu anapoacha kuwa mwenye glasi, glasi ikawa ndiyo inayommiliki.

Na kwa yule ambaye tayari anamilikiwa, kiasi hakitoshi. Anahitaji kuacha kabisa. Tumkumbuke Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, akanywa kwa miaka kumi na sita. Siku moja mwaka 1884, akiwa hana senti na hakuna wa kumkopesha, alisimama nje ya baa akitegemea kwamba wale aliowanunulia siku zote wangemkaribisha ndani. Walimpita mmoja mmoja. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anaweka nadhiri ya kuacha pombe, na hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Tungependa kila mwanafunzi aijue habari hiyo kabla bumu halijaingia. Ofa za wiki ya kwanza zina sura ya urafiki, na wiki ya sita ndiyo inayozipima. Tuangalie pia kilichomwokoa Talbot: baa haikuwa imefungwa, ilikuwa wazi mbele ya macho yake. Alikuwa na nyumba ya kurudi na mtu wa kumwambia. Kijana anayetoka baa yetu saa 6 usiku akitaka kuacha, atamwambia nani? Swali hilo linatuhusu kuliko linavyomhusu mwenye baa.

Hao mnaowaita chambo

Sasa tuje kwa wahudumu. Wengi ni wasichana wa umri ule ule wa wanafunzi wanaowahudumia. Tofauti ni kwamba wao hawakupata nafasi au karo ya kuendelea na shule. Wametoka mikoani, wengine waliletwa mjini kwa ahadi ya kazi za ndani, wakaishia kaunta. Katika baa nyingi mshahara ni mdogo na mkataba hakuna, na mteja akiondoka bila kulipa, deni linakatwa kwa mhudumu. Matusi na kushikwashikwa wanahesabiwa kama sehemu ya kazi. Wengi wao wamebatizwa. Kuna walioimba kwaya vijijini kwao, na wapo waliowahi kuwa viongozi wa Utoto Mtakatifu.

Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, katika hotuba ya kumkumbuka Kaisari Theodosi mwaka 395, alitaja kwamba Mtakatifu Helena, mama wa Kaisari Konstantino, inasemekana hapo mwanzo alikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni. Hakuona haya kulisema mbele ya wakuu wa dola. Aliligeuza kuwa sifa: huyu ndiye mhudumu mwema aliyelitafuta kwa bidii hori la Bwana, na hakuwa mgeni kwa yule mtunza nyumba ya wageni aliyemwuguza mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi. Kama askofu mtakatifu aliweza kusema hivyo juu ya mama wa Kaisari, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwita binti wa watu chambo, tena kwa maandishi, tena katika karatasi inayosomwa baada ya Rozari?

Tunauliza jambo la kawaida kabisa. Mhudumu anayefunga hesabu saa 7 usiku na kurudi kazini saa 4 asubuhi ataiwahi Misa ya saa 12 asubuhi kwa namna gani? Akifariki, Jumuiya ipi itamzika, ikiwa hakuna Jumuiya iliyowahi kumwandika katika daftari lake? Tunajua wasomaji wengine watasema "aache kazi hiyo kwanza". Anayesema hivyo awe tayari kumwonyesha kazi nyingine, maana kodi ya chumba haisubiri uongofu.

Neno kwa mafrateri wenzetu

Zamani jambo hili lilikuwa limeandikwa wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 138, iliwakataza wakleri kuingia kwenye vilabu vya pombe bila ulazima au sababu ya haki iliyokubaliwa na Askofu. Sheria ya mwaka 1983 haivitaji tena vilabu kwa jina. Kanuni ya 285 inawataka wakleri wajiepushe na yote yasiyofaa hali yao, kadiri ya sheria za mahali. Mwenzetu asiisome tofauti hiyo kama ruhusa. Sheria ya sasa inadai zaidi, kwa sababu inamtaka mtu mwenyewe ajue kinachofaa.

Tunaona njia mbili zisizofaa. Ya kwanza ni ya kuvua msalaba shingoni, kuvaa kofia, na kukaa meza ya nyuma kabisa palipo giza. Anayefanya hivyo anajifunza kuishi maisha mawili, na somo hilo akiliiva seminarini atalifundisha parokiani. Ya pili ni ya kupita ng'ambo huku umegeuza uso, kama kuhani na Mlawi wa njia ya Yeriko. Katika mfano ule, Msamaria alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamwamini mwenye nyumba, akaacha na fedha. Hakumwuliza kwanza kama anauza divai.

Njia ya kati ipo. Ni kupita mchana, kusalimia kwa jina, kujua nani mgonjwa na nani amefiwa, kumwambia mwanafunzi mwenzako kwa siri na kwa upendo kwamba umeona anavyozidi. Malezi ya kichungaji hayaanzi siku ya ushemasi. Mitaa ya jirani na seminari ndiyo shule yake ya kwanza.

Na sherehe zetu je?

Haki inatudai tuseme na hili. Katika parokia nyingi, siku ya upadrisho, jubilei au mavuno, kreti za bia hupangwa nyuma ya ukumbi, na kamati huona fahari kutangaza idadi yake. Mara nyingi aliyeombwa kuzichangia ni mwenye baa yule yule. Wiki inayofuata kuna semina ya vijana kuhusu ulevi. Kijana anayesikiliza semina hiyo si mjinga. Alikuwepo ukumbini Jumamosi, na aliona nani alibebwa.

Hatusemi sherehe ziwe kavu. Tunasema kiasi kionekane kwetu kwanza: maji na soda ziwe nyingi na ziwe mbele, atakayekataa bia asichekwe, na atakayelewa kwenye sherehe ya Kanisa asigeuzwe kichekesho cha mshereheshaji. Parokia itakayofanya hivyo ndiyo itakayokuwa na mdomo wa kwenda kuzungumza na mwenye baa.

Karatasi tunayopendekeza

Kwa hiyo tunawaomba wenye karatasi ile waiandike upya, nasi tutakuwa wa kwanza kuisaini. Tunapendekeza mambo haya manne.

Kwanza, kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zimeweka viwango vya sauti, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limekwisha kuzifungia baa kadhaa nchini kwa kosa hilo. Mwenye baa anaijua sheria. Waende wazee watatu wa Jumuiya pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wakae naye, wakubaliane saa ya kuzima muziki na upande wa kuelekeza spika. Akikataa, ngazi ya juu ipo. Anayeanza na mazungumzo hapotezi haki yake ya kwenda mbele.

Pili, wanafunzi. Asihudumiwe aliye chini ya miaka 18, na daftari la madeni lifungwe kwa wanafunzi wote. Ombi dogo kama hili lina nguvu, kwa sababu limelenga kitu kimoja. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, haikufunga kila duka la pombe. Ililenga kifungashio kile cha bei ya chini ambacho hata mtoto wa shule aliweza kukificha mfukoni. Nasi tulenge daftari, maana ndilo linalomfanya kijana anywe fedha ambazo bado hazijaingia.

Tatu, wahudumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa mapumziko ya saa 24 kila wiki, inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi, na inaagiza nyongeza ya malipo kwa saa za usiku. Tumwombe mwenye baa, ambaye tunakutana naye kanisani, awape zamu ya kupumzika Dominika. Nasi parokiani tuangalie ratiba: Misa moja ya Dominika jioni, na padre wa kuungamisha siku moja ya wiki mchana, baa inapokuwa tupu.

Nne, sisi wenyewe. Ukumbi wa parokia unafungwa saa 12 jioni na ufunguo uko kwa katekista. Ufunguliwe hadi saa 4 usiku, siku tatu kwa wiki kwa kuanzia. Iwekwe runinga kwa ajili ya mechi, WAWATA wauze chai na maandazi kwa bei ya mwanafunzi, vijana wa TMCS wasimamie meza za kujisomea, na padre mlezi aonekane pale mara moja moja bila mahubiri mkononi. Kabla ya kila bumu kuwe na jioni moja ya kupanga matumizi, ikiongozwa na mwamini anayeelewa hesabu, pengine karani wa benki au mwalimu mstaafu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kreti za jubilei.

Huenda tutaambiwa kwamba hivi ni kumpaka mwenye baa mafuta. Hapana. Mambo matatu ya kwanza yatampunguzia mapato, na tunajua atalalamika. Lakini ataweza kuyatekeleza akiwa bado jirani yetu, akiwa bado na familia inayosali pamoja nasi, na wasichana wale wakiwa bado na riziki yao ya wiki. Ni vigumu kuokoa watu kwa kuwafukuza mahali unapoweza kuwaona.

Jumuiya zinakutana Jumamosi hii. Tunawasihi viongozi waisome karatasi ile kwa sauti, wafute lile neno "chambo", na kabla ya kura wamtume mtu mmoja akawaite wahudumu wawili watatu wa pale waje waseme wenyewe. Ni mwendo wa dakika mbili kuvuka barabara. Tena asubuhi ya Jumamosi huwa hawana wateja.